Tunalilipia Gazeti Tunaloliita la Bure

Hotuba hii niliitoa Tanga mbele ya wasomaji wa magazeti, wanafunzi wa uandishi wa habari na wahariri wachache waliokubali kuja kutusikiliza. Wengi waliokosa nafasi wameiomba, kwa hiyo naiweka nzima kama nilivyoisema. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

Wazee wangu, shikamooni. Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Na nyinyi vijana mliosimama mlangoni, hamjambo? Sogeeni ndani, nafasi ipo.

Naanza kwa kuuliza. Nani humu ndani amesoma habari kwenye simu yake leo? Naona mikono, karibu ukumbi mzima. Haya, nani ameilipia habari hiyo? Mikono imeshuka. Imebaki miwili, mitatu.

Basi nawaambia mlioshusha mikono kwamba na nyinyi mmelipa. Mmelipa wote. Mmelipa kwa bando, mmelipa kwa muda wenu, mmelipa kwa taarifa zenu ambazo hamkumpa mtu ruhusa ya kuzichukua. Kwa hiyo sikuja hapa kubishana kama habari ilipiwe au isilipiwe. Kulipa tunalipa. Ninachouliza ni hiki: fedha yetu inamfikia nani? Inamfikia mwandishi aliyeshinda juani kuitafuta habari hiyo, au inaishia njiani?

Tuanze na bando, maana hilo kila mtu analijua uchungu wake.

Mwaka 2015 gazeti la New York Times lilipima kurasa za mwanzo za tovuti 50 za habari zinavyofunguka kwenye simu. Walizipima zikiwa na matangazo, kisha wakazipima bila matangazo. Wakakuta kwamba, kwa jumla, zaidi ya nusu ya data yote ilikuwa ya matangazo na vitu vinavyoambatana nayo. Tovuti moja ya Boston ilikuwa mzigo kuliko nyingine. Walipiga hesabu kwamba mtu anayeifungua kila siku kwa mwezi mzima angetumia data ya takriban dola 9.50 kwa ajili ya matangazo peke yake. Sizungumzii habari, nazungumzia matangazo. Dola tisa na nusu! Kuna watu humu ambao dola tisa na nusu ndiyo fedha yao ya mboga ya wiki.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 25 Mei 2018, sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa za watu ilianza kutumika. Magazeti ya Marekani yalitakiwa kumwomba msomaji wa Ulaya ruhusa kabla ya kumfuatilia. Mengine, kama Chicago Tribune na Los Angeles Times, yaliona taabu, yakawafungia mlango kabisa wasomaji wa Ulaya. Lakini USA Today walifanya jambo lililotufumbua macho. Waliwatengenezea Wazungu wa Ulaya ukurasa usio na vifuatiliaji. Mtaalamu mmoja akaulinganisha na ule wa Marekani. Ukurasa wa Marekani ulikuwa na uzito wa MB 5.2. Ule wa Ulaya ulikuwa KB 500, yaani nusu ya MB moja. Wa Marekani ulichukua sekunde 45 kufunguka wote, na wa Ulaya sekunde 3.

Gazeti ni lile lile. Habari ni zile zile. Picha ni zile zile. Sasa pigeni hesabu na mimi. Ukiwa na bando la MB 500, ukurasa wa uzito ule wa Marekani utaufungua mara tisini na kitu, bando limekwisha. Ukurasa mwepesi utaufungua mara elfu moja. Elfu moja! Hiyo tofauti yote ilikuwa inabeba nini? Ilikuwa inabeba vitu ambavyo msomaji hakuviomba, havioni, na ambavyo kazi yake ni kumchungulia.

Nimezungumzia data, sijazungumzia adabu. Basi la abiria limepinduka Segera. Una ndugu ndani ya lile basi. Unafungua simu mikono inatetemeka, unatafuta majina ya waliojeruhiwa. Kabla hujasoma mstari wa pili, skrini yote inafunikwa na tangazo la kubeti. Unatafuta alama ya kufunga, ni ndogo kama punje ya ulezi, kidole kinakosea, unajikuta kwenye tovuti nyingine. Unarudi, ukurasa unaanza upya. Mara video inajiwasha na muziki kwa sauti ya juu, na wewe uko hospitali. Nani aliyeamua kwamba msomaji atendewe hivi? Mwenye duka gani angemtendea mteja wake hivi halafu akashangaa kwamba harudi?

Na msifikiri nachukia matangazo. Nimekaa dawati la kupanga kurasa za gazeti miaka mingi, najua tangazo limesomesha watoto wa waandishi wengi. Zaidi ya hapo, wasomaji walikuwa wanayapenda. Wazee hapa watanishuhudia. Gazeti la kuchapwa ulilinunua, ukafungua kwanza nafasi za kazi. Ukasoma matangazo ya vifo na shukrani. Ukaangalia viwanja vinavyouzwa na minada ya mahakama. Matangazo yale yalikuwa habari. Yalikaa mahali pake, hayakurukia katikati ya makala, hayakukufuata hadi nyumbani kujua unalala saa ngapi. Leo nafasi za kazi za serikali ziko kwenye mfumo wa Ajira Portal, viwanja viko kwenye makundi ya WhatsApp, na matangazo yaliyobaki kwenye tovuti za magazeti ni ya dawa za kupunguza kitambi na utajiri wa siku mbili. Hapo ndipo tulipofika, na inafaa tujue tulifikaje.

Tangazo linalojifungulia dirisha lake lenyewe lina historia yenye mtu. Anaitwa Ethan Zuckerman. Miaka ya 1990 alikuwa akifanya kazi Tripod, kampuni ya Marekani iliyowapa watu kurasa za bure kwenye intaneti na kupata fedha kwa matangazo. Siku moja kampuni kubwa ya magari iligundua kwamba tangazo lake limewekwa kwenye ukurasa wenye mambo ya chumbani yasiyosemeka mbele ya wazee. Ikakasirika. Zuckerman akaandika programu fupi ya kulifungua tangazo kwenye dirisha la peke yake, ili jina la mtangazaji lisishikamane na ukurasa alioufungua msomaji. Mwaka 2014 aliandika katika jarida la The Atlantic kueleza yote hayo, na akaomba radhi.

Mtu huyu si mwovu. Ndiye mmoja wa waanzilishi wa Global Voices, mtandao wa habari ambao watu wa kujitolea wanautafsiri hata kwa Kiswahili, na huenda baadhi yenu mmeusoma. Ninachotaka mkione ni kitu kingine. Kampuni ya magari ilipolalamika, ilisikilizwa. Je, wasomaji mamilioni waliolalamikia madirisha yale kwa miaka mingi walisikilizwa lini? Hawakusikilizwa, kwa sababu hawakuwa wateja. Mteja ni yule anayelipa mezani. Msomaji alikuwa analipa bila kujua, na fedha yake haikuwa na jina lake, kwa hiyo hakuwa na sauti.

Hebu sasa tuifuate hiyo fedha.

Unapogusa kichwa cha habari, kabla ukurasa haujafunguka, kunafanyika mnada. Mnaoamkia pale Deep Sea mnaujua mnada wa samaki: samaki anawekwa chini, wanunuzi wanapandishiana bei, anaondoka naye aliyetoa dau kubwa. Katika mnada huu wa mtandaoni, anayewekwa chini ni wewe msomaji. Simu yako ni ya aina gani, uko mji gani, jana ulikuwa unatafuta nini, vyote vinatangazwa kwa kampuni nyingi kwa wakati mmoja. Programu zao zinapanda dau, mshindi anapewa nafasi ya kukuonyesha tangazo lake. Hata sekunde moja haiishi. Na wale walioshindwa, taarifa zako wameshazipata.

Mnada una madalali, na madalali wanataka chao. Mwaka 2020 chama cha watangazaji wa Uingereza, ISBA, kiliwapa kazi wakaguzi wa PwC wafuatilie fedha za watangazaji wakubwa zinavyosafiri hadi kufika kwenye vyombo vya habari. Walichokikuta kinatia huzuni. Katika kila pauni 100 iliyotoka kwa mtangazaji, iliyofika kwa mchapishaji ilikuwa 51. Nyingine ziligawanywa na watu wa kati. Na 15 hawakuweza kusema zimekwenda wapi. Wakaguzi wa mahesabu, kazi yao ni kufuatilia fedha, walishindwa kujua pauni 15 katika kila 100 zimeingia mfuko wa nani. Na hao walikuwa watangazaji wakubwa na magazeti makubwa, wenye wanasheria na wataalamu. Mhariri wa gazeti dogo la mkoani atapata wapi nguvu ya kuuliza?

Aprili 2025, Jaji Leonie Brinkema wa mahakama ya shirikisho huko Virginia, Marekani, aliamua kwamba Google ilihodhi kinyume cha sheria soko la mfumo ambao wachapishaji wanautumia kupanga matangazo, na soko la mnada wenyewe. Yaani yule anayemshauri muuzaji ndiye mwenye soko. Miaka ya nyuma kampuni hiyo hiyo, kupitia kivinjari chake cha Chrome, ilianza kuzuia matangazo yanayokera kupita kiasi: yanayofunika skrini, yanayopiga kelele yenyewe, yanayomhesabia msomaji sekunde kabla ya kumruhusu kusoma. Hilo lilianza Februari 2018 na limesaidia kiasi. Lakini ukiona anayeuza ndiye pia anayeweka sheria za kuuza, usilale.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wa huku zaidi. Msomaji wa Tanga anauzwa kwa bei ndogo sana katika mnada huo kuliko msomaji wa New York. Kwa hiyo mhariri wetu anafanya nini? Anaongeza matangazo. Pale penye moja anaweka manne. Halafu anahitaji mibofyo mingi, kwa hiyo kichwa cha habari nacho kinaharibika: "Utashangaa alichokisema mbunge." Unafungua, mbunge hakusema kitu. Hasira unayoipata pale ndiyo inayoliua gazeti, maana mtu aliyedanganywa mara tatu haji mara ya nne.

Na mnada ukiwa hauna mlinzi, mwizi naye anaingia kupanda dau. Machi 2016 matangazo yenye programu hasidi yalipenya kwenye tovuti za majina makubwa kabisa, zikiwemo za New York Times na BBC. Waliolengwa ni wasomaji wa Marekani. Mtu anasoma habari, kompyuta yake inafungwa na wahalifu, anadaiwa fedha ili mafaili yake yafunguliwe. Hapa kwetu wizi ni wa chinichini zaidi. Mzee mmoja wa mtaa wangu wa Chuda alikuwa anasoma habari za mpira kwenye tovuti moja. Likatokea tangazo: "Simu yako ina virusi, bonyeza hapa." Akabonyeza. Tangu siku hiyo salio lake likawa linakatwa kidogo kidogo kila asubuhi kwa huduma ambayo hakuwahi kuiomba. Alikuja kwangu akidhani mtandao wake wa simu unamwibia. Ilinichukua muda kumweleza kwamba mlango alioingilia mwizi ni gazeti lake analoliamini. Niliona aibu kwa niaba ya taaluma yangu, na aibu hiyo ninayo mpaka leo.

Mtasema, basi tuweke programu za kuzuia matangazo. Wekeni. Sitamlaumu hata mmoja. Wengi mnatumia Opera Mini na mnajua inavyookoa bando. Ujerumani kampuni ya Axel Springer ilipeleka shauri hadi mahakama ya juu ikitaka programu hizo zipigwe marufuku, na mwaka 2018 ikashindwa: mahakama ilisema programu hizo si ushindani haramu, na uamuzi wa kuzitumia ni wa msomaji. Mimi nakubaliana na mahakama. Lakini tuseme kweli sote. Ukizuia matangazo, na gazeti hulilipii, mwandishi wako anakula nini? Mkono mtupu haulambwi, ndugu zangu.

Hapa naomba nikae kidogo, maana hapa ndipo penye moyo wa hotuba yangu.

Waandishi wengi wa mikoani hawana mshahara. Wanalipwa kwa habari iliyochapwa, na wanafunzi mlioko hapa mmekwishaambiwa viwango, kwa hiyo sina haja ya kuwatisha. Mwandishi anapanda bodaboda kwenda kwenye kikao cha baraza la madiwani. Nauli yake mwenyewe. Anakaa saa sita. Habari ikitoka, analipwa kisichorudisha hata nauli. Mkutano ukiisha, mwenye mkutano anatoa bahasha. Mnaijua bahasha. Sasa niambieni, nani amemlipa mwandishi yule? Wewe msomaji hukumlipa. Mnada wa mtandaoni haukumlipa. Amelipwa na mtu aliyeandikwa. Kesho ukisoma habari ukaona mwenye mkutano amesifiwa kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, usiulize kwa nini.

Si jambo jipya, na sisi watu wa Tanga tunalijua kuliko wengi. Gazeti la Kiongozi lilianza kutolewa mji huu mwaka 1904, katika shule ya serikali ya Wajerumani. Liliandikwa kwa Kiswahili, likasomwa mbali, na limekikuza Kiswahili cha maandishi, hilo hatuwezi kulikana. Lakini gharama zilikuwa za serikali, na gazeti lilikuwa la serikali. Mwaka 1905 vita vya Majimaji vilipolipuka kusini, ungetarajia gazeti lile liwasemee waliokuwa wanachomewa mashamba? Ilibidi ifike 1937, Dar es Salaam, ndipo Erica Fiah, mfanyabiashara mwenye duka dogo aliyetokea Uganda, aanzishe gazeti la Kwetu kwa nguvu zake mwenyewe. Humo Mwafrika wa Tanganyika aliweza kulalamika kwa kinywa chake. Duka dogo lilinunua uhuru ambao shule kubwa ya serikali haikuweza kuutoa.

Mfano wa karibu zaidi kwa miaka uko Ufaransa. Mwaka 2008 Edwy Plenel, aliyewahi kuwa mhariri mkuu wa Le Monde, pamoja na wenzake walianzisha gazeti la mtandaoni, Mediapart. Hawakutaka tangazo hata moja. Msomaji alipe, basi. Watu waliwaambia wamepotea njia, kwamba hakuna atakayelipia habari kwenye intaneti ambako kila kitu ni bure. Desemba 2012 Mediapart likaandika kwamba Jérôme Cahuzac ana akaunti ya siri Uswisi. Na Cahuzac alikuwa nani? Alikuwa waziri wa bajeti, msimamizi wa vita dhidi ya wakwepa kodi! Alikana. Alikana mbele ya Bunge. Wanasiasa na waandishi wengi wakalishambulia gazeti. Machi 2013 akajiuzulu. Tarehe 2 Aprili akakiri. Baadaye mahakama ikamtia hatiani.

Kwa miezi ile minne gazeti lilisimama juu ya nini? Hakukuwa na mtangazaji wa kupigiwa simu. Hakukuwa na wizara ya kutishia kuondoa matangazo. Kulikuwa na wasomaji waliokwishalipa. Leo gazeti hilo lina wateja zaidi ya laki mbili na linajiendesha kwa faida.

Linganisheni na yaliyotokea Uingereza Februari 2015. Peter Oborne, mchambuzi mkuu wa siasa wa Daily Telegraph, alijiuzulu akieleza hadharani kwamba gazeti lake linazipa mgongo habari mbaya za benki ya HSBC kwa sababu benki hiyo ni mtangazaji mkubwa. Gazeti lilikanusha. Nani mkweli, kila mtu aliamua mwenyewe, lakini ona kwamba msomaji hakuwa na njia ya kujua. Na jirani zetu Kenya, mwaka 2017 serikali iliagiza wizara na taasisi zake ziache kutangaza kwenye vyombo binafsi. Matangazo ya serikali yalikuwa sehemu kubwa ya mapato ya magazeti yale. Barua moja tu, na chumba cha habari kinaanza kuhesabu nani apunguzwe kazi.

Kwa hiyo nikisema lipieni habari, siwaombei wenye magazeti sadaka. Ninawaomba mnunue nafasi ya kusikilizwa.

Najua mnaloliwaza. Tutalipa kwa nini, na tutalipaje?

New York Times walianza kutoza mtandaoni Machi 2011. Walimpa msomaji makala 20 za bure kwa mwezi, akizimaliza alipe. Walichekwa. Mwaka uliofuata fedha za wasomaji zikazidi fedha za matangazo kwa mara ya kwanza, na leo wana wateja zaidi ya milioni 10. Ingawa niseme kweli, wengine wanalipia mapishi na michezo ya maneno, si habari za vita. Sina ugomvi na hilo. Kama mapishi yanamlipia mwandishi tikiti ya kwenda vitani, heri. Nairobi, Nation walianza kutoza kwenye Nation.Africa Februari 2021. Sisi wa Afrika Mashariki tuna kitu ambacho hata Marekani hawana kwa urahisi huu: tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, mama muuza mboga anaweza kulipa na kulipwa shilingi mia tano kwa simu ya kitochi. Basi kwa nini nifungue tovuti ya gazeti la kwetu nikute nadaiwa namba ya kadi ya benki na malipo ya mwaka mzima kwa mkupuo? Nani kati yenu analipa kitu chochote kwa mwaka? Umeme wa Luku tunanunua kidogo kidogo. Bando tunanunua la siku. Niuzieni gazeti la siku.

Na wale wasio na kitu? Nimeambiwa kwamba ukuta wa malipo, yaani kumfungia habari asiyelipa, unawaachia maskini uongo wa bure na kuwapa matajiri ukweli wa kulipia. Hoja hiyo ni nzito, siipuuzi. The Guardian la Uingereza halikuweka ukuta. Lilianza mwaka 2016 kumwomba kila msomaji achangie anachoweza, na kufikia 2018 watu zaidi ya milioni moja walikuwa wamelichangia, ili yule asiyeweza aendelee kusoma. Mwaka 2020 korona ilipoingia, magazeti mengi yenye ukuta, New York Times likiwemo, yalifungua habari za ugonjwa kwa kila mtu. Inawezekana basi. Tahadhari ya kimbunga, mlipuko wa kipindupindu, matokeo ya uchaguzi, hizo ziwe wazi. Uchunguzi uliochukua miezi, uchambuzi wa ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kila Aprili, hayo yalipiwe na wenye uwezo.

Wenye uwezo tupo. Naomba niseme na nyinyi wenzangu wenye mishahara. Kila asubuhi kuna kundi la WhatsApp ambamo mtu anatupia magazeti yote ya siku kwa PDF, na wa kwanza kushukuru ni ofisa mwenye gari la serikali. Kijana asiye na kazi anayesimama kwenye meza ya muuza magazeti akasoma vichwa vya habari na kuondoka, huyo simsemi. Anayekodisha gazeti kwa sarafu chache na kulirudisha, kama wafanyavyo kule Kenya, naye amelipa. Wewe mwenye uwezo unayesambaza PDF, unasambaza jasho la mwandishi yule wa bodaboda, kisha ukikuta habari ya kununuliwa unalaani kwamba waandishi wa siku hizi wamekuwa chawa. Ni nani amemwacha na njaa?

Mwisho, wahariri. Mmekuja, nawashukuru, na sitawaacha muondoke hivi hivi. Mkichukua fedha yangu, ondoeni vitu vile kwenye ukurasa wangu. Nimelipa, sitaki kufunikiwa skrini, sitaki video inayopiga kelele, sitaki kuchunguliwa. Tangazo la soko la Mgandini au la chuo cha hapa jirani liwekeni, likae pembeni limetulia kama zamani, liuzwe na ofisi yenu moja kwa moja bila mnada. Kujiondoa kuwe kwepesi kama kujiunga. Na kila mwaka tuambieni fedha yetu imefanya kazi gani: imelipa waandishi wangapi, imewapeleka wapi.

Halmashauri yetu itakaa kupanga bajeti. Makabrasha ni mamia ya kurasa na kikao ni siku nzima. Nataka awepo ukumbini mwandishi aliyelipiwa nauli na chakula na gazeti lake, asiyesubiri mtu mlangoni baada ya kikao. Mimi niko tayari kuchangia kuanzia leo, na karatasi ya majina ya wenzangu walio tayari iko kwenye meza ile ya kulia. Wahariri, ichukueni mkatupangie bei.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Karibuni maswali.